Mmea Mwekundu wa Majarubani na Somo la Sayansi

Mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha na mpunga ukiwa umevunwa, kingo za majaruba ya mkoa wa Simiyu hubaki na mimea midogo ya matopeni ambayo hakuna aijaliye. Ng'ombe huikanyaga wakielekea lamboni, na mkulima aliyeiona mapema huwa amekwisha kuing'oa, maana kwake ni gugu tu. Miongoni mwa magugu ya namna hiyo yajulikanayo katika mashamba ya mpunga ya Afrika ni yale ya jenasi ya Ammannia. Shina lake lina pembe nne. Majani yake hukaa mawili mawili yakielekeana, wala hayana vikonyo. Maua yake madogo ya rangi ya zambarau hujificha kwapani mwa majani, na mara nyingi shina, majani na vitunda vyake hugeuka kuwa vyekundu.

La ajabu ni kwamba mimea ya jenasi hii hii hununuliwa kwa fedha huko Ulaya, Marekani na Japani. Watu wafugao samaki wa mapambo katika matangi ya kioo huitaka kwa ajili ya wekundu wake, na papo hapo huilalamikia kwa ugumu wa kuikuza. Wiki hii imenawiri. Wiki ijayo majani ya chini yamepukutika na ncha imejikunja. Wakuzaji huihesabu katika kundi la mimea idaiyo mwanga mwingi, hewa ya ukaa ya kutosha na chakula kisichokatika.

Wakati huo huo, mwanafunzi wa sekondari mjini Bariadi hujifunza usanisinuru, yaani namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa nguvu ya mwanga, kwa kuchora Elodea. Huo ni mmea wa majini wenye asili ya Amerika, na huenda asiuone maishani mwake. Huchora mapovu yatokayo katika shina, huandika jina la gesi, hukariri mlinganyo wa kemia, kisha hufaulu au hushindwa mtihani bila kuona povu hata moja. Hoja ya makala haya ni kwamba tangi moja la kioo, likipandwa mmea mwekundu wa majarubani, laweza kufundisha sayansi kuliko michoro mingi ya ubaoni, na kwamba ule ugumu wa mmea huo, ambao wengi wangeuona kuwa kasoro, ndio faida yake kubwa.

Mmea na ukoo wake

Ammannia ni wa familia ya Lythraceae, familia yenye mhina na mkomamanga. Mwanafunzi aliyemwona bibi harusi akipakwa hina mikononi ana habari ya ukoo huu ingawa hajui jina lake la kitaalamu. Linnaeus aliutaja mmea huu katika kitabu chake cha mwaka 1753, na jina lenyewe ni kumbukumbu ya Paul Ammann, mtaalamu wa mimea wa Leipzig, Ujerumani, aliyeishi katika karne ya 17. Mwaka 2013 wataalamu waliiunganisha jenasi ya Nesaea na Ammannia, na kwa hiyo mimea kadhaa iliyojulikana kwa jina la kwanza sasa huitwa kwa jina la pili. Spishi kama Ammannia senegalensis, ambayo wakuzaji wa ng'ambo huifahamu vizuri, huota pia Afrika ya Mashariki. Familia nzima ilielezwa na Bernard Verdcourt mwaka 1994 katika mfululizo mkubwa wa vitabu vya mimea ya Afrika ya Mashariki. Mwalimu anayetaka kuhakikisha jina la gugu aliloliokota anaweza kulikausha katikati ya magazeti na kulipeleka katika hifadhi ya mimea ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya taifa iliyoko Arusha. Kazi hiyo peke yake ni somo.

Maisha ya mmea huu yamefungamana na msimu. Mbegu zake, ambazo ni ndogo kama vumbi, hukaa katika udongo mkavu mpaka mvua zirudi. Jaruba likijaa maji huota, na maji yakipungua mmea huchanua na kuangusha mbegu upesi kabla ardhi haijapasuka. Wapo wanyama waishio kwa hesabu hiyo hiyo: samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius, wakaao katika vidimbwi vya msimu, hufa kidimbwi kinapokauka na kuacha mayai yao matopeni yakingoja mvua. Kiumbe aliyezoea maisha ya namna hiyo hukua kwa haraka akipata kila kitu, na huonyesha udhaifu mara moja akikosa kimoja. Hapo ndipo yalipo manufaa yake darasani.

Kwa nini mmea mgumu

Mwalimu anaweza kuuliza: kama shabaha ni kuonyesha mapovu, kwa nini usichaguliwe mmea usiosumbua? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba mmea usiosumbua hukua hata katika maji mabaya na mwanga hafifu, na kwa sababu hiyo hauelezi ni kitu gani ulichokosa. Mmea mgumu husema.

Katika karne ya 19 Carl Sprengel, na baada yake Justus von Liebig, wote wa Ujerumani, walifundisha kwamba ukuaji wa mmea hauamuliwi na jumla ya vyakula vilivyopo, bali na kile kilichopungua kuliko vyote. Mwaka 1905 Mwingereza F. F. Blackman aliitumia fikra hiyo katika usanisinuru. Mwanga ukiwa haba, kuongeza hewa ya ukaa hakusaidii. Hewa hiyo ikiwa haba, kuongeza mwanga hakusaidii. Mtungi wenye tundu ubavuni haujai kupita tundu hilo, hata ukimiminiwa maji kutwa nzima. Wanafunzi wengi wanaijua kanuni hii kwa kuikariri, lakini ni wachache walioiona ikitenda kazi.

Chini ya maji kanuni hii huonekana waziwazi. Gesi hupenya katika maji polepole sana: mwendo wa hewa ya ukaa majini ni wa taratibu kiasi cha mara 10,000 kuliko mwendo wake hewani. Tena, maji yaliyoachwa wazi katika joto la nyuzi 25 hubaki na karibu nusu miligramu tu ya gesi hiyo katika kila lita. Baadhi ya mimea ya majini, kama Vallisneria, imepata njia ya pili, nayo ni kutumia baikaboneti iliyoyeyuka katika maji magumu. Mimea mingi ya asili ya matopeni haina uwezo huo. Huitegemea gesi yenyewe, na ikiikosa hudumaa hata mbele ya dirisha lenye jua.

Basi na ichukuliwe mitungi minne ya kioo, au madumu manne ya plastiki yapitishayo mwanga, na katika kila mmoja vipandikizi vitatu vya urefu wa sentimita 10 vilivyokatwa chini ya pingili. Mtungi wa kwanza upewe kila kitu. Wa pili unyimwe hewa ya ukaa ya nyongeza. Wa tatu ufunikwe kwa kitambaa kinachopunguza mwanga. Wa nne uwe na mchanga mtupu bila udongo. Kwa muda wa wiki nne wanafunzi wapime urefu, wahesabu majani, wahesabu mapovu kwa dakika na kuandika rangi ya ncha. Mwishoni darasa litakuwa na majedwali na grafu za jasho lake lenyewe. Hata mtungi ukishindwa, kushindwa huko kutakuwa na sababu inayoweza kutafutwa, na huko kutafuta sababu ndiko kuitwako sayansi.

Wekundu na maana yake

Wako wanaodhani kwamba jani jekundu halina umbijani, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga. Sivyo. Umbijani umo, ila umefunikwa na rangi nyingine ziitwazo anthosianini, ambazo huyeyuka katika utomvu wa seli. Hizi si rangi ya hina, ingawa mimea yenyewe ni ya familia moja. Kuthibitisha ni rahisi: majani mekundu yachemshwe katika maji kidogo, maji yachujwe na kugawanywa katika bilauri mbili. Katika moja yatiwe matone ya limao, na katika nyingine magadi kidogo. Penye limao wekundu hukolea. Penye magadi rangi hugeukia buluu au kijani. Maua ya rozela nayo hufanya vivyo hivyo. Hapo mwalimu wa Kemia na mwalimu wa Biolojia hukutana juu ya meza moja.

Kwa nini mmea ugharimie rangi hiyo? Maelezo ambayo wataalamu wengi huyakubali ni kwamba mwanga ukizidi uwezo wa jani kuutumia, anthosianini huupunguza makali, kama kivuli cha pazia jembamba. Ndiyo maana mmea ule ule huwa mwekundu juani na wa kijani kivulini. Lakini mwanga si sababu ya pekee. Naitrojeni ikipungua, mimea mingi huongeza rangi hizo. Kwa hiyo wekundu waweza kuwa dalili ya neema ya mwanga, na waweza kuwa dalili ya njaa. Mkuzaji wa mapambo hufurahia yote mawili, mwanasayansi hutofautisha.

Hapa ndipo tangi la kioo linapotoka darasani na kuingia shambani. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na makao yake makuu yakiwa Bariadi, ni mkoa wa pamba. Wanafunzi wake wengi ni watoto wa wakulima na wameshika jembe tangu wadogo. Wameyaona mahindi machanga yaliyogeuka rangi ya zambarau kwa upungufu wa fosforasi, na majani ya pamba yaliyokuwa mekundu kabla ya wakati wake. Rangi hizo nazo ni anthosianini. Mwanafunzi aliyejifunza katika mtungi kwamba jani jekundu ni swali linalohitaji kujibiwa hatakimbilia kupiga dawa ya wadudu kila aonapo rangi ngeni shambani. Kwanza ataitazama ardhi, atauliza ni kitu gani kimepungua, naye ataweza kumweleza mzazi wake sababu. Faida hiyo haipimwi kwa uzuri wa tangi.

Tangi la shule

Pingamizi la pili ni gharama. Ni kweli kwamba vifaa viuzwavyo ng'ambo kwa ajili ya mimea hii ni vya bei kubwa: taa maalumu, mitungi ya gesi, mbolea za chupa. Lakini shule haihitaji hata kimoja. Fundi anayetengeneza madirisha ya kioo anaweza kuunganisha tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 kwa gundi ya silikoni. Likijaa litachukua lita 54, hivyo meza iwe imara, kwa maana maji hayo pekee yana uzito wa kilo 54. Liwekwe mahali panapopata jua la asubuhi tu. Jua la mchana hupasha maji joto na kualika mwani wa kijani.

Chini ya tangi utandazwe udongo mweusi wa mbuga kwa kina cha sentimita tatu, na juu yake mchanga wa mtoni uliooshwa, sentimita nne, ili maji yasichafuke. Samadi isitiwe, kwa sababu huoza na kuharibu maji. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka batini ndiyo yafaayo kuliko ya kisima, ambayo mara nyingi huwa magumu. Dalili ya maji magumu kila mwanafunzi anaijua, maana ndiyo yale ambayo sabuni haitoi povu kwa urahisi.

Hewa ya ukaa hupatikana kwa hamira. Sukari na maji hutiwa katika chupa ya lita moja na nusu pamoja na hamira kidogo, na mrija mwembamba hupitishwa katika kifuniko hadi tangini, chini ya kikombe kilichopinduliwa ili gesi ikae na kuyeyuka. Kwa hesabu ya kemia, gramu 100 za sukari zikichachuka zote hutoa karibu gramu 51 za gesi hiyo. Mrija usizibwe kamwe, kwa kuwa chupa iliyofungwa yaweza kupasuka.

Yafaa kukiri, hata hivyo, kwamba zipo shule ambazo wakati wa kiangazi maji hutafutwa mbali, na ndoo tatu za maji si kitu kidogo. Katika shule hizo mitungi minne yatosha, na maji yanayobadilishwa yamwagiliwe bustani ya miche. Vijana wa Maswa walipoanza kutengeneza chaki katika miaka ya 2010, hawakusubiri chaki iletwe kutoka mbali. Moyo huo huo unaweza kuzaa vifaa vya maabara.

Tahadhari tatu

Ya kwanza ni kichocho. Konokono wa jenasi ya Bulinus, wanaoeneza kichocho cha mkojo, huishi katika majaruba na vidimbwi vya Usukumani. Mwanafunzi asiingizwe majini kutafuta mmea. Njia bora ni kuchukua udongo mkavu wa jaruba wakati wa kiangazi na kuulowesha shuleni ili mbegu zilizomo ziote. Hata hivyo konokono hao huweza kulala matopeni msimu mzima wa ukame, kwa hiyo udongo uchekechwe kwa uangalifu na kila konokono aondolewe. Yeyote akionekana baadaye katika tangi, mkono usitiwe majini. Maji hayo yamwagwe mbali juu ya ardhi kavu na kazi ianzwe upya.

Ya pili ni mbu. Tangi lisilo na samaki ni mazalia yao, basi lifunikwe kwa kipande cha chandarua.

Ya tatu ni kubwa kuliko zote, na ndiyo sababu makala haya yanasisitiza mmea wa hapa hapa. Gugumaji lililosumbua Ziwa Viktoria lilitoka Amerika ya Kusini, nalo lilisambazwa duniani na watu waliopenda maua yake. Nchini Tanzania lilijulikana tangu miaka ya 1950 katika mito ya Sigi na Pangani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Viktoria, na katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba na bandari, likazuia mitumbwi ya wavuvi na meli, hata ikabidi waletwe mbawakavu wa jenasi ya Neochetina walile. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mto Simiyu humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke ya ziwa hilo hilo, na kinachotupwa mferejini Bariadi wakati wa mvua hakikosi njia ya kufika huko. Kwa hiyo shule isinunue wala isipokee mmea wa majini wa kigeni, hata ukiwa mzuri namna gani. Mabaki ya mmea wowote wa tangini yaanikwe juani mpaka yakauke, kisha yachomwe.

Wajibu

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitaka shule iwe sehemu ya maisha ya jamii yake. Mara nyingi maneno hayo yalifahamika kuwa ni jembe na shamba la shule tu. Yana maana nyingine pia: kwamba fikra za sayansi zianze na kitu kinachojulikana mahali hapo. Mwanafunzi wa Simiyu akianza na gugu la jaruba la baba yake, atafika kwa Liebig na Blackman akiwa na swali lake mwenyewe mkononi. Akianza na mchoro wa mmea wa ng'ambo, atafika huko akiwa amebeba majina tu.

Walimu wanaweza kuanza msimu ujao wa mvua bila kusubiri fedha kutoka popote. Wathibiti ubora wa shule, kwa upande wao, wanaweza kuuliza kila waendapo: mtungi uko wapi, na daftari la vipimo liko wapi? Nao watunga mitihani wanaweza kuacha kuuliza mapovu ni ya gesi gani, jambo ambalo kila aliyekariri analijua, na badala yake waweke jedwali la wiki nne mbele ya mtahiniwa na kumtaka aeleze ni nini kilichopungua. Swali la namna hiyo likianza kuulizwa, mitungi itaonekana madirishani mwa madarasa ya Bariadi bila amri ya mtu.